Alikuwa akikoroma

Wenzake wanne waliokuwa naye jioni ile wananiambia neno moja: alikuwa akikoroma. Wanalisema kama mtu anayejitetea mbele ya kadhi. Anayekoroma amelala, na aliyelala si mgonjwa, basi wao kosa lao lilikuwa wapi?

Kijana mwenyewe nitamwita Nahodha, jina ambalo si lake. Wala si mtu mmoja hasa. Nimechukua mambo ya vijana watatu wa Kisauni, Mombasa, nikayashona yakawa vazi moja, ili pasiwe na mama atakayesoma hapa akamtambua mwanawe. Mwaka ni 2018. Nahodha ana miaka 27. Alitoka gerezani Alhamisi, akafa Ijumaa.

Ijumaa asubuhi mamake alimnyoa kichwa mwenyewe, uani, kwa wembe mpya, akampa kanzu ya marehemu babake iliyokuwa imekunjwa sandukuni. Ilimpwaya mabegani. Akaenda msikitini, akakaa safu ya nyuma. Mzee aliyekuwa kando yake alinyoosha mkono polepole, akaiokota simu yake iliyokuwa sakafuni, akaitia mfukoni. Hakusema kitu. Nahodha aliwasimulia wenzake jambo hilo saa kumi jioni, huku akicheka, nao wakacheka. Niliwauliza watatu kati yao kama lilikuwa la kuchekesha. Hakuna aliyejibu ndiyo.

Baada ya swala alipitia dukani kwa kakake, anayeuza vipuri vya pikipiki mwendo wa hatua mia mbili hivi kutoka maskani, kijiwe cha watumiaji wa heroini. Kaka alimpa shilingi mia tano na maneno machache: "Nikuone tena hapa ukishakuwa mtu." Mia tano hiyo ndiyo iliyonunua kete, kipakiti cha heroini.

Maskani yenyewe ni kiunga kidogo nyuma ya nyumba iliyoachwa bila kuezekwa. Kuna jiwe la kukalia, mkokoteni uliopinduliwa, na mkungu unaotoa kivuli. Walimpokea kwa kelele. Umenona, mfungwa! Jela imekulea! Ni kweli alikuwa amenona. Mtu akikaa miezi saba bila unga, yaani heroini, mwili hurudi. Hamali mwenzake wa zamani, ambaye walikuwa wakisukuma mkokoteni pamoja sokoni Kongowea, alimwambia taratibu, "Anza na nusu, mwili umesahau." Nahodha akamjibu mbele ya wote: "Mimi nilianza hivi vitu wewe bado unanyonya." Wakacheka tena. Alikuwa ameshameza vidonge viwili vya usingizi, bugizi kama wanavyoita. Akajidunga kipimo chake cha zamani, chote.

Ilikuwa yapata saa kumi na nusu.

Alikaa ameegemea ukuta, kichwa kikaanguka kifuani, akaanza kukoroma. "Mwacheni, stimu imemkamata," mmoja akasema. Dada mmoja, mtumiaji kama wao, ndiye aliyeinama kumtazama usoni. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, anakumbuka kwa sababu alikuwa anangoja simu. Akauliza, "Midomo yake mbona imekuwa hivi?" Akajibiwa, "Wewe mwanamke unaogopa nini? Mtu anapumzika." Akanyamaza. Mtu mwingine akataja kwamba labda aitwe kakake, pale dukani. "Aje atufokee?" Likaishia hapo.

Adhana ya magharibi ilipotoka ndipo walipogundua kwamba mkoromo umekoma. Kilichofuata ni fujo. Wakammwagia ndoo ya maji. Wakampiga makofi. Wakatafuta maziwa wakamtia mdomoni, na mtu asiyepumua vizuri ukimtia maziwa mdomoni unamjaza mapafu. Wawili wakaondoka, maana wakifika polisi kila aliyepo ni mshukiwa. Hamali yule akambeba mgongoni mpaka barabara kuu. Tuktuk mbili zilisimama, zikamwona, zikaondoka. Ya tatu ikawachukua. Hospitalini waliambiwa amefika akiwa amekufa.

Alizikwa asubuhi yake. Majirani waliambiwa ni pumu.

Mwili umesahau

Maneno ya hamali yule yana sayansi yote ndani yake, na hakuyasoma popote. Heroini hukalia sehemu za ubongo zinazoendesha pumzi na kuzipunguza kasi. Mtumiaji wa kila siku hujenga uzoevu: ubongo unajirekebisha, naye anahitaji kipimo kikubwa zaidi ili apate kilekile. Akiacha kwa wiki chache tu, uzoevu huo huporomoka. Tamaa hubaki, kumbukumbu ya kipimo hubaki, ila kinga haipo tena. Kipimo kilichomfaa Nahodha kabla ya kufungwa kilikuwa, siku ile, kipimo cha kumuua. Bugizi iliongeza la kwake, kwa sababu nayo inalaza pumzi. Viwili hivyo pamoja ni hatari kuliko jumla yake.

Jambo hili limepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 kuhusu watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12 na zaidi ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya peke yake ilikuwa mara 129. Kwa hiyo kufa kwa Nahodha siku ya pili ya uhuru wake hakukuwa ajali ya ajabu. Ndiyo saa ambayo mtu yeyote anayeijua kazi hii angeitaja kama ungemwuliza.

Lakini kuna jambo ambalo takwimu hizo hazilioni, nalo ndilo lililonifanya niandike. Gerezani Nahodha alipitia arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, bila dawa yoyote, kwenye sakafu ya saruji. Karibu wiki nzima ya kutapika, kuhara, mifupa kuuma, kutetemeka kwa baridi ndani ya joto la Mombasa. Alipotoka aliisimulia kama mtu anayesimulia vita alivyoshinda. "Niliivunja mwenyewe." Na kweli aliivunja. Ila akaichukua kama ushahidi wa nguvu: mtu aliyeshinda arosto peke yake ataogopa kete? Kumbe siku mwili ulipokuwa dhaifu kuliko siku zote mbele ya unga ndiyo siku alipojiona imara kuliko zote. Kila alichofundishwa tangu utotoni kuhusu kujikaza kilimpeleka upande usio sahihi.

Gunia mbili

Wengi hudhani kijana huingia kwenye unga kwa majonzi au kwa kuiga. Nahodha aliingia kwa mgongo. Aliacha shule kwa ada, akaenda Kongowea akiwa na miaka 16. Pale sokoni kijana hupimwa kwa mzigo. Anayebeba gunia moja analipwa, anayebeba mawili analipwa na kuitwa. Yeye alibeba mawili. Jioni mgongo ulikuwa hauinuki, na aliyemwonyesha kokteli, yaani unga ndani ya msokoto wa bangi, alikuwa hamali mkubwa aliyempenda, akimwambia itamtoa uchovu. Ikamtoa.

Nataka msomaji akae kidogo na hiyo gunia ya pili. Kuthubutu kulikuwa ndiyo kazi yake. Soko lilimlipa kwa sababu alihatarisha mwili wake kuliko wenzake. Hakuna aliyemwita mjinga alipokuwa akiteremka na kilo za watu kwenye ubao mwembamba kutoka kwenye lori, walimwita dume. Baadaye mgongo ulipokataa, na gunia ikaenda kwa kijana mwingine, alibaki na tabia ileile bila soko la kuinunua. Maskani ikainunua. Kule nako kuna vyeo: nani ameanza zamani, nani anastahimili kingi, nani amefungwa akarudi hajataja mtu. Kwingine kote alikuwa teja. Msikitini simu ziliingizwa mifukoni. Dukani alitakiwa awe mtu kwanza. Pale nyuma ya nyumba isiyoezekwa alikuwa Nahodha, na hapo ndipo alipoambiwa, mbele ya wadogo zake, achukue nusu.

Nimesikia wahubiri na maofisa wakisema vijana hawa wanatafuta kufa. Sikubaliani nao hata kidogo. Nahodha alikuwa ameshanyoa, amevaa kanzu ya babake, na alikuwa amemwahidi mamake ndizi za kupika kesho yake. Alichokuwa akilinda ni nafasi moja tu aliyokuwa nayo katika dunia ambamo bado alihesabiwa. Ndiyo maana mabango yetu ya "Unga unaua" hayajawahi kunivutia. Kwa mtu ambaye mali yake iliyobaki ni ushupavu, kumwambia kitu kinaua ni kumtangazia biashara.

(Jambo la pembeni: kampuni ya Bayer ilipoipa dawa hii jina mwaka 1898, inaelezwa kwamba jina Heroin lilitolewa kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya ushujaa. Waliiuza kama dawa ya kikohozi.)

Ukame

Sindano nayo ina historia, na si ya Nahodha peke yake. Heroini ya hudhurungi, brown sugar, ilianza kuonekana pwani yetu miaka ya 1980, ikivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, iliyorahisisha kudunga. Shehena kubwa hupita tu baharini, kutoka Afghanistan kupitia pwani ya Makran, kule Iran na Pakistani, hadi Afrika Mashariki, ikielekea kwingine. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 ndani ya jahazi moja karibu na pwani ya Kenya. Kinachobaki kwetu ni makombo, nayo yanatosha.

Mnamo Desemba 2010 makombo hayo yalikatika. Watu wa maskani bado wanakiita kipindi kile ukame. Unga ulikosekana, ukapanda bei, ukachanganywa na vitu visivyojulikana. Waliokuwa wakivuta waliona moshi unaopotea hewani kama pesa inayoungua, na wengine wao wakahamia sindano kwa sababu kidogo kilikwenda mbali zaidi. Wengine waliziba pengo kwa bugizi. Nahodha alifanya yote mawili, na yote mawili yalikuwa mwilini mwake jioni ile miaka minane baadaye. Hivyo msako, au uhaba wa aina yoyote, unaweza kuonekana kama ushindi kwenye taarifa ya habari huku ukiwasukuma watu kwenye njia ya hatari zaidi.

Wavutaji huwadharau wadungaji, hili nalo watu wa nje hawalijui. Mdungaji ndiye wa chini kabisa, hata mbele ya teja mwenzake. Basi wadungaji wakaigeuza dharau kuwa nishani: sisi ndio tusioogopa.

Saa moja na nusu

Heroini mara nyingi haiui mara moja. Pumzi hupungua pole kwa pole, dakika kwa dakika, na wakati mwingine huchukua saa moja, mbili, hata tatu. Ule mkoromo mzito wenye kukwama, ambao mtu haamki hata ukimwita kwa nguvu na kumsugua kifuani, ni sauti ya njia ya hewa inayozibika. Kwenye ngozi yetu nyeusi rangi ya midomo haibadiliki waziwazi kama kwenye picha za vitabu vya kigeni. Inabidi utazame ndani ya mdomo na kwenye kucha, utaona kijivu au samawati. Dada yule aliona. Alikuwa na taarifa sahihi, kwa wakati uliotosha, na alinyamazishwa kwa neno moja, mwanamke. Nimeirudia sehemu hii ya kisa mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kwenye kiunga kile woga ulikuwa umepewa jinsia, na kwa kuwa umepewa jinsia, hata woga wenye akili ulikuwa hauna pa kupita.

Iko dawa ya jambo hili, naloksoni. Huiondoa heroini kwenye sehemu zake za ubongo, na pumzi hurudi ndani ya dakika chache. Haimleweshi mtu wala haina madhara ya maana kwa asiyetumia unga. Nguvu yake hudumu nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, kwa hiyo mgonjwa hapaswi kuachwa, anaweza kuzama tena, na ikiwa bugizi imo, naloksoni haiiondoi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia tukio kama hili, wakiwemo watumiaji wenyewe na ndugu zao, wapewe dawa hii na kufundishwa kuitumia. Maskani ile haikuwa nayo. Hata bila naloksoni, kumlaza ubavu, kuisafisha njia ya hewa na kumpulizia pumzi kungempa nafasi ambayo maji na maziwa hayakumpa.

Na polisi? Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 iliweka kwa kumiliki heroini kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Aliyekimbia alijua hesabu hiyo vizuri zaidi kuliko alivyojua dalili za pumzi kuisha. Siwezi kumlaumu sana. Yule aliyebaki hakuwa na hekima kuliko wao. Anasema tu kwamba hakuweza kumwacha mtu waliyesukuma naye mkokoteni mmoja. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoutaja uanaume kama ugonjwa wa kutibiwa. Uanaume uliomfanya Nahodha akatae nusu ndio uleule uliomfanya mwenzake ambebe mgongoni kilomita nzima gizani, huku akijua anaweza kulala kituoni. Tofauti ni mahali ulipoelekezwa.

Methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya heroini, ipo pwani. Malindi walianza mwaka 2015, na Kisauni kwenyewe kuna kliniki. Nahodha alikuwa akiijua. Aliniambia mara moja, kabla hajafungwa, kwamba hawezi kupanga foleni kila asubuhi kunyweshwa dawa kwenye kikombe mbele ya watu kama mtoto wa kliniki. Nilibishana naye kwa takwimu. Nilikosea, hakuwa akibishana kuhusu takwimu.

Kifo chake hakimo kwenye hesabu yoyote ya vifo vya mihadarati. Pumu ilitosha kwa majirani, na kaburi halikungoja uchunguzi. Uskoti, nchi ndogo yenye watu milioni tano na nusu, huhesabu vifo vyake kimoja kimoja: mwaka 2020 vilikuwa 1,339, wanaume takriban saba katika kila kumi, na wakazi wa mitaa maskini kabisa walikuwa katika hatari mara 18 kuliko wa mitaa yenye nafuu. Ni aibu kubwa kwao, na wanaijua ukubwa wake. Sisi aibu yetu tumeizika kabla ya adhuhuri. Kila mama anadhani wa kwake alikuwa peke yake.

Baada ya arubaini kakake alikuja kunitafuta. Alikaa kwenye jiwe lilelile, suruali yake ya kazi ina mafuta magotini. Kwa muda alizungumzia bei ya matairi. Kisha akaniuliza kama ni kweli alikuwa akikoroma.

Nikamwambia ni kweli.

"Kwa muda gani?"

Nikamwambia: tangu saa kumi na moja kasorobo mpaka magharibi. Kama saa moja na nusu.

Alitazama upande wa barabarani, ambako paa la duka lake linaonekana juu ya ukuta.

"Siku ile nilichelewa kufunga," alisema. "Duka lilikuwa wazi."